Rivolva Mpya, Bei Kubwa, na Ukaguzi Ulioachiwa Mnunuzi

Anayenunua rivolva mpya ya bei kubwa hapa Marekani siku hizi anakabidhiwa na kazi ambayo hakuiomba: kuwa mkaguzi wa mwisho wa kiwanda. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ukaguzi ndio unaonilisha. Niko Houston, Texas, katika kiwanda cha vali za mabomba ya mafuta na gesi, na mimi ni mmoja wa wale wanaoshika kipuri mara ya mwisho kabla hakijafungwa kwenye kreti. Kipuri kilichopita mkononi mwa mtu aliyekitazama nakitambua, na kile kilichopitishwa tu nakitambua pia.

Kwa wasomaji walioko nyumbani, ambako raia kumiliki bastola ni jambo la leseni na la watu wachache, nieleze kidogo. Rivolva ni ile bastola ya silinda. Risasi hukaa katika matundu 5, 6 au zaidi, na kila ukivuta kifyatulio silinda inazunguka hatua moja na kuleta tundu jipya nyuma ya mtutu. Samuel Colt aliipatia hataza Marekani mwaka 1836, na mpango wake wa msingi haujabadilika sana tangu hapo. Wengi wamehamia bastola za magazini, zile ambazo risasi hukaa kwenye kisanduku kinachochomekwa ndani ya mpini. Wanaobaki na rivolva wanabaki kwa sababu moja kubwa: risasi ikigoma, unavuta tena na tundu jingine linakuja, basi. Huhitaji kutoa magazini wala kufungua chochote. Kitu ambacho rivolva inakiuza kuliko vyote ni uhakika, na ndiyo maana kasoro ya kiwandani katika rivolva inaniuma kuliko kasoro ya simu au ya friji.

Yangu niliinunua kwa ajili ya uwanja wa shabaha na kwa ajili ya shamba la rafiki yangu nje ya mji, ambako nguruwe mwitu wanafukua kila kinachopandwa. Ni ya risasi za .357 Magnum, chuma kisichoshika kutu, mtutu wa inchi 4. Ilinitoka zaidi ya dola 1,300 kabla ya kodi. Kiwanda sikitaji, kwa sababu ninayoyaeleza yanalalamikiwa na wanunuzi wa zaidi ya kiwanda kimoja, na sitaki msomaji adhani akikikwepa kimoja amesalimika.

Nilipoitazama kwa nyuma, kama mtu anayelenga, ncha ya kulengea iliyo mbele ya mtutu ilikuwa imelala kushoto. Haikuhitaji kifaa. Ukiweka jicho kwenye kilengeo cha nyuma, ile ncha ilikuwa imeinama waziwazi, na upande mmoja ulikuwa na mwanga mwingi kuliko wa pili. Maana yake mtutu ulipokazwa kwenye fremu ulipitishwa kidogo. Mtutu wa rivolva nyingi hufungwa kwa hesi, unakazwa kwa nguvu mpaka ncha isimame wima juu kabisa. Aliyeukaza alipitiliza, akaacha. Halafu ndani ya boksi kulikuwa na bahasha ndogo yenye maganda 2 ya risasi, ushahidi kwamba bastola ilifyatuliwa kiwandani kabla ya kusafirishwa. Hapo ndipo nilipokaa chini. Mtu mzima alishika bastola hii, akailenga, akaifyatua, akaona ninachokiona mimi, akaifunga kwenye boksi.

Ncha iliyolala si urembo tu. Ili risasi iende unakotaka, itabidi usogeze kilengeo cha nyuma kando sana, na kwenye bastola yenye vilengeo visivyosogezwa huna la kufanya. Lakini kwangu ilikuwa zaidi ni ishara. Kazini kwetu, ukikuta kosa linaloonekana kwa macho limepita, huachi kutafuta. Unajua kwamba yale yasiyoonekana hayakutafutwa kabisa.

Nikachukua fila geji, zile bati nyembamba anazotumia makanika kupimia nafasi ya vali, nikapima upenyo kati ya uso wa silinda na kitako cha mtutu. Upenyo huu lazima uwepo, maana silinda ni lazima izunguke. Mafundi wengi wa rivolva huridhika ukiwa kati ya inchi 0.004 na 0.008, yaani baina ya milimita 0.1 na 0.2. Ukiwa mdogo mno, masizi na joto la risasi chache vinatosha kuifanya silinda isugue mtutu na kugoma. Ukiwa mkubwa mno, gesi inatoroka kwa pembeni. Wangu ulikuwa 0.004 upande wa kushoto na 0.010 upande wa kulia: kitako cha mtutu kilikatwa mshazari.

Usidharau hizo sehemu za elfu. Kiwango cha juu cha shinikizo la risasi ya .357 Magnum, kwa viwango vya Marekani, ni paundi 35,000 kwa inchi ya mraba. Gurudumu la gari dogo hujazwa paundi 35 hivi. Ni mara elfu moja ya gurudumu la gari, na sehemu ya shinikizo hilo inapumulia pale kwenye upenyo, inchi chache kutoka kwenye vidole vyako. Ndiyo maana anayejifunza rivolva huambiwa mapema kabisa asiweke kidole gumba mbele ya silinda.

Jioni moja nilimpelekea mzee mmoja Mtanzania anayeishi hapa na wanawe. Enzi zake alikuwa fundi silaha katika jeshi la polisi, na mikono yake bado inakumbuka kila kitu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Iko tupu?"

Nikamfungulia silinda aone. Akatazama, akapitisha kidole kwenye kila tundu, hakuniamini kwa maneno, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nikamwonyesha ncha iliyolala na nikamtajia vipimo.

"Hayo ni ya macho," akasema. "Ya masikio je?"

Akafunga silinda, akaweka kidole gumba cha kushoto juu yake kwa wepesi sana, kiasi cha kuizuia isiteleze. Kisha, kwa mkono wa kulia, akavuta nyuma nyundo, kile kipande kinachopiga risasi, polepole mno. Ndani ya rivolva kuna kipande kinachoitwa kidole na mafundi wengi, kinachosukuma meno yaliyo nyuma ya silinda. Na kuna komeo dogo chini linaloingia kwenye shimo la silinda ili kuifunga mahali pake. Silinda inapaswa kufungwa kabla nyundo haijafika mwisho. Unasikia mlio wa komeo, halafu mlio wa nyundo. Tundu la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu, sawa. Kwenye la nne ulitangulia mlio wa nyundo, na silinda ilikuwa bado inacheza.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Akairudia, jibu likawa lilelile. Akachukua penseli, akatia alama kwenye tundu hilo. "Hili linachelewa. Sisi hii tusingempa askari. Inarudi stoo."

Tundu linalochelewa maana yake ni kwamba risasi inaweza kufyatuliwa kabla haijanyooka na mtutu. Kichwa cha risasi kinagonga ukingo, kinachongwa, na vipande vya risasi na gesi vinaruka pembeni kwa yeyote aliyesimama karibu. Na hapa kuna jambo ambalo mtu asiyezijua rivolva hawezi kulikisia: ukivuta kifyatulio haraka, uzito wa silinda yenyewe unaipeleka mpaka inajifunga, na kasoro inajificha. Inajitokeza unapovuta taratibu. Anayejaribu bastola kiwandani kwa haraka haraka hataiona, hata akifyatua matundu yote. Na ushahidi wa bahasha yangu ulikuwa wa matundu 2 kati ya 6.

Kwa nini inatokea kwenye bastola ya bei hii? Maelezo unayoyasikia sana ni kwamba zamani kulikuwa na mafundi na sasa kuna kompyuta. Kuna ukweli ndani yake. Rivolva kama Colt Python, iliyoingia sokoni mwaka 1955, ilijengwa kwa vipande vilivyoachwa vinene kidogo makusudi, kisha fundi mwenye tupa na jiwe la kunolea akavipunguza mpaka vikae. Kazi hiyo ilikuwa ghali, na Python ya zamani ilikoma kutengenezwa mwaka 2005. Iliporudi mwaka 2020, kwa bei ya orodha ya dola 1,499, ilikuwa imesanifiwa upya kwa ajili ya mashine za kisasa.

Lakini mimi nafanya kazi na mashine hizo kila siku, na siwezi kukubali zilaumiwe peke yake. Mashine ya kompyuta inakata chuma kwa usahihi ambao mkono hauufikii. Kinachoharibu mambo ni dhana kwamba ukishakata vizuri huna haja ya kupima baada ya kuunganisha. Katika bidhaa nyingi, ukaguzi wa sampuli unatosha: unachukua vipande vichache kwenye kundi, vikiwa sawa unapitisha kundi zima. Rivolva haikubali hivyo. Kile kidole kinaweza kuwa ndani ya kipimo chake lakini upande mdogo. Jino la silinda nalo ndani ya kipimo, upande mdogo. Komeo, shimo la komeo, mkono unaobeba silinda, vyote ndani ya kipimo, vyote vikiegemea upande uleule. Hakuna kipuri kibovu hata kimoja, na rivolva ni mbovu. Tena si tundu moja la kukaguliwa. Ni matundu 6, kila moja na jino lake na shimo lake. Bastola ya magazini haina shida hii kwa kiasi hicho, kwa sababu chemba, yaani pale risasi inapokaa ikifyatuliwa, na mtutu wake ni chuma kimoja, havihitaji kutafutana kila risasi. Kwa hiyo kiwanda kilichozoea kutengeneza bastola za magazini kwa maelfu kikiipeleka rivolva kwa mtindo uleule, kitapata rivolva kama yangu.

Halafu kuna suala la nani mnunuzi. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, mnunuzi mkubwa wa rivolva Marekani alikuwa idara ya polisi. Idara ina fundi silaha wake, anafungua kreti, anapima, na yasiyofaa yanarudi kiwandani pamoja na barua. Kiwanda kinamwogopa mteja wa namna hiyo. Kisha, hasa baada ya mapambano ya FBI na majambazi jijini Miami mwezi Aprili 1986, idara zikaanza kuhama kwa kasi kwenda bastola za magazini. New York waliruhusu za magazini kwa askari wao mwaka 1993, na rivolva za mwisho za kikazi zikaondolewa mwaka 2018. Fundi silaha akaondoka nazo. Aliyebaki kaunta ni mtu mmoja mmoja, mwenye hamu na bastola yake mpya, asiye na fila geji wala barua ya idara.

Mtu huyo serikali nayo haimsaidii sana. Sheria ya usalama wa bidhaa ya mwaka 1972 iliunda tume ya shirikisho yenye uwezo wa kuamuru bidhaa hatari irudishwe kutoka sokoni: pasi, kitanda cha mtoto, hata bastola ya kuchezea. Silaha halisi ziliachwa nje. Tafsiri ya bidhaa katika sheria hiyo inaondoa kitu chochote kinachotozwa ushuru wa shirikisho wa silaha, ushuru ambao kwa rivolva ni asilimia 10. Kwa hiyo rivolva inalipiwa ushuru wake, na kwa sababu ya ushuru huohuo haina mkaguzi. Viwanda vinapotangaza kurudisha silaha zenye kasoro, vinafanya hivyo kwa hiari au kwa kusukumwa na kesi mahakamani. California ina sheria ya majaribio, ambapo bastola 3 za modeli moja hufyatua risasi 600 kila moja. Lakini hiyo inapima modeli. Haisemi lolote kuhusu hii uliyoishika wewe.

Mzee alinikumbusha kwamba bunduki za Kiingereza alizozikuta ghalani ujanani zilikuwa na mihuri midogo iliyogongwa kwenye chuma. Ile ni mihuri ya nyumba za majaribio. Ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya bunge mwaka 1813, ya London inatokana na chama cha mafundi bunduki chenye hati ya kifalme ya mwaka 1637. Mpaka leo Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Ubelgiji, Italia na nchi nyingine zilizo katika mkataba wa pamoja, silaha haiuzwi kabla ya kufyatuliwa risasi maalumu zenye shinikizo kubwa kuliko la kawaida, asilimia 30 zaidi kwa rivolva, na kugongwa muhuri. Marekani haimo katika mkataba huo. Ni kweli kwamba muhuri unahusu zaidi uimara wa chuma. Ncha iliyolala inaweza kupita. Ila kila silaha, moja moja, inapita mbele ya mtu asiyeajiriwa na kiwanda. Hilo peke yake hubadilisha tabia ya kiwanda.

Wanaotetea viwanda watakwambia: dhamana ipo, irudishe watatengeneza bure. Niliirudisha. Aliyepokea simu alikuwa mwungwana, akanitumia lebo ya kusafirishia bila malipo, sina ugomvi naye. Baada ya wiki kadhaa ilirudi na karatasi yenye mstari mmoja: mtutu umerekebishwa, imejaribiwa. Ncha ilikuwa imesimama wima na upenyo umesawazishwa. Tundu la nne, ambalo nililieleza kwa maandishi na kulitia alama, lilikuwa vilevile. Ikaenda tena. Safari hii walibadilisha kile kidole kwa kingine kipana kidogo, na sasa matundu yote 6 yanajifunga kabla ya nyundo. Inapiga vizuri sana, na hilo ndilo linalonikera: bastola nzuri ilikuwamo mle ndani tangu mwanzo, ilikosa mtu mmoja mwenye muda.

Dhamana haiwezi kusimama badala ya ukaguzi. Mimi nina vifaa, nina mazoea ya kupima, na nina mzee. Mfikirie mwanamke anayeishi peke yake, aliyeshawishiwa na muuzaji kwamba rivolva ndiyo rahisi kuliko zote, akainunua, akafyatua risasi chache akiwa na mwalimu, akaiweka kwenye droo yenye kufuli. Yeye kasoro yake ataigundua lini? Wako wengi kama yeye, na baadhi yao ni dada zetu wanaotoka zamu ya usiku hospitalini.

Kwa hiyo kama umeamua kununua, kagua kabla ya kusaini. Hili la kusaini ni muhimu kwa sababu ukishajaza fomu ya shirikisho namba 4473, ukapita uchunguzi wa rekodi na ukakabidhiwa, maduka mengi yanaihesabu kuwa ni bastola iliyotumika hata kama hujatoka mlangoni, na hawairudishi. Muuzaji aihakikishe kuwa tupu, nawe uihakikishe mwenyewe. Omba ruhusa kabla ya kuvuta nyundo au kifyatulio. Wauzaji wengi wanakubali ukiuliza kwa adabu, na anayekataa mwachie bastola yake. Tazama ncha kwa nyuma. Inua bastola dhidi ya taa na utazame upenyo wa silinda pande zote mbili kama mwanga ni sawa. Sukuma silinda mbele na nyuma, isicheze. Kisha fanya lile la mzee, tundu kwa tundu, polepole, na usiishie la tatu. Tazama pia mdomo wa mtutu na kitako chake kama chuma kimekatwa safi, bila makovu ya kisu. Kama duka lina tatu za aina hiyo, omba zote tatu. Tofauti utakazoziona zitakushangaza.

Kiwandani kwetu kila vali, kila moja, hujazwa maji kwa shinikizo la mara moja na nusu ya kiwango chake kabla ya kutoka, na inaondoka na karatasi yenye namba ya chuma, matokeo ya jaribio na jina la aliyesaini. Nyingine ni vali za bei ndogo kuliko rivolva ile. Nimekiandikia kiwanda cha bastola barua, nikaambatanisha nakala ya karatasi yetu moja niliyofuta jina la mteja, nikaomba kitu kimoja. Pamoja na ile bahasha ya maganda, waweke kadi: upenyo wa silinda kushoto na kulia, matundu 6 yameorodheshwa kila moja na alama yake kwamba limejifunga kabla ya nyundo kwa mvuto wa polepole, na chini yake jina la mkaguzi. Nilipima muda nikiifanya kazi hiyo mwenyewe mezani kwangu, bila kukimbia, na haikufika dakika tano.